Pangani: Mji wa Mto, Miwa na Vita vya Mrima

Ukitoka Tanga mjini na kushika njia ya pwani kuelekea kusini, baada ya kilomita hamsini hivi unaukuta mto mpana unakata njia. Upande wa kaskazini ndipo ilipo Pangani, mji wa nyumba za mawe, minazi na mashua. Ng'ambo ni kilima cha Bweni. Maji yanayopita katikati yametoka mbali: yameteremka kutoka Kilimanjaro na Meru, yakatua katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaporomoka Hale, ndipo yakaifikia Bahari ya Hindi.

Mto huo ndio ulioupa mji utajiri. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi ilipanga safari hapa kwenda Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Kwenye kingo zenye rutuba yalienea mashamba ya miwa, na sukari ya Pangani ikasafirishwa kwa majahazi hadi Unguja. Waliolima na kusaga miwa hiyo walikuwa watumwa, jambo ambalo halifai kufichwa nyuma ya uzuri wa milango ya nakshi. Kuhusu Boma, jengo lililojengwa na tajiri wa Kiarabu mwanzoni mwa karne hiyo, wenyeji husimulia kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake ili lisimame imara. Ni masimulizi ya kutisha, na ndiyo yaliyobeba kumbukumbu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kisha ukaja mwaka 1888.

Aprili ya mwaka huo Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliipa kampuni ya Wajerumani haki ya kutawala pwani ya Mrima kwa miaka 50. Agosti, Emil von Zelewski akafika Pangani kama mwakilishi wa kampuni. Aliitaka bendera ya kampuni ipepee, akagombana na liwali, na wanamaji wa Kijerumani wakaingia msikitini na viatu vyao, wakiwa na mbwa, tena siku za Idi kubwa. Mji mzima ukachemka. Wakubwa kwa wadogo, pamoja na watu waliomiminika kutoka bara, walimzingira Zelewski hadi askari wa Sultani, chini ya Jenerali Lloyd Mathews, walipokuja kumtoa. Si muda mrefu Mathews naye akalazimika kuondoka, kwa kuwa watu walikwisha kumwona Sultani kuwa ndiye aliyewauza.

Kiongozi aliyejulikana zaidi alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na mto. Vita vilienea pwani nzima, na Saadani ikasimama na Bwana Heri. Kampuni ikashindwa kabisa, Berlin ikamtuma Hermann Wissmann na jeshi la kukodi. Pangani ilichukuliwa Julai 1889, na tarehe 15 Desemba Abushiri akanyongwa papo hapo mjini. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivisimulia vita hivyo kwa utenzi, hivyo tunayo sauti ya Mrima wenyewe pamoja na ripoti za maofisa wa Kijerumani. Zelewski alifia Lugalo mwaka 1891, mikononi mwa askari wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe.

Vitabu vingi humtaja Abushiri peke yake, na hapo haki haijatendeka. Moto uliwashwa na watu wa mji kabla hajawa kiongozi wao: wapagazi, mafundi, majumbe, vijana wa mitaani.

Jirani na mji, huko Kikogwe, ilianza habari nyingine kubwa. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya katani kutoka Florida. Iliyonusurika na safari ilikuwa 62. Kutokana na hiyo likatanuka zao lililoiweka Tanganyika mstari wa mbele duniani. Lakini faida ilikwenda kwingine. Mdomo wa mto una fungu la mchanga lisiloruhusu meli kubwa kupita, na Tanga ilikuwa na bandari yenye kina. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka huohuo wa 1893, biashara ya bara ikaifuata. Pangani ikabaki na nazi, samaki na ofisi za wilaya.

Kudorora huko kumeziokoa nyumba za kale zisibomolewe kupisha maghorofa, ila hakukuzikinga na mvua. Kuta za matumbawe na chokaa zinamomonyoka, boriti za mikoko zinaoza, na ukingo wa mto unaliwa na maji. Kwa kuwa maji mengi hutumika huko juu kwa umeme na umwagiliaji, chumvi ya bahari nayo hupanda mtoni na kuwaumiza wakulima.

Kwa miaka mingi kuvuka kwenda Bweni kumetegemea pantoni. Sasa barabara ya kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo imeleta mradi wa daraja la mita 525 juu ya mto huo. Wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani watapita hapa kwa wingi, na viwanja vya kando ya mto vitapanda bei. Halmashauri, wenye nyumba na wataalamu wa mambo ya kale wanapaswa kukaa pamoja mapema, waorodheshe majengo, na mafundi wa chokaa waliobaki wapewe vijana wa kufundisha.