Goa, nyuma ya ufukwe

Mtu aliyezoea mchanga wa Diani, Paje au Nungwi akifika Calangute, ufukwe maarufu kuliko zote za Goa, huenda akajiuliza kimoyomoyo kilichomleta. Mchanga wake ni wa rangi ya shaba, si mweupe. Hakuna mwamba wa matumbawe wa kuyavunja nguvu mawimbi huko mbali, kwa hiyo bahari hupiga ufukweni moja kwa moja. Faida ipo moja: maji yakipwa hayaendi mbali kama ya Jambiani, na muogeleaji hana haja ya kusubiri maji yajae. Lakini kwa bahari tupu, pwani ya Afrika Mashariki haina cha kuionea wivu Goa. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam aipange safari yake tofauti na Mhindi wa Delhi, anayeishi mbali sana na bahari. Siku za ufukweni ziwe chache, za bara ziwe nyingi.

Hilo bara lenyewe si kubwa. Goa ndilo jimbo dogo kuliko yote ya India kwa eneo, kilomita za mraba 3,702, yaani zaidi kidogo ya mara mbili ya kisiwa cha Unguja, na sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu karibu milioni moja na nusu. Wareno waliitwaa mwaka 1510 na hawakuondoka mpaka jeshi la India lilipowatoa Desemba 1961. Karne nne na nusu za utawala huo ndizo zilizoipa Goa sura isiyofanana na India nyingine: robo ya wakazi ni Wakristo, makanisa meupe yamesimama jirani na mahekalu ya Kihindu, na adhuhuri maduka mengi hufungwa ili wenyewe wakale na kulala kidogo. Mgeni anayetaka kununua kitu saa nane mchana ajiandae kukuta mlango umefungwa.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kuna jambo jingine la kumvuta. Amri zilizoendesha Mombasa ya Wareno zilitoka Goa. Yusuf bin Hassan, mwana wa Sultani wa Mombasa aliyeuawa, alipelekwa huko akiwa mtoto, akalelewa na mapadri na kubatizwa jina la Jerónimo. Wareno walidhani wamepata kibaraka. Walimrudisha Mombasa kuwa sultani, naye Agosti 1631 akawageuka, akaiteka Ngome ya Yesu na kumuua kapteni wake. Karne zilizofuata msafara uligeuka upande: Wagoa ndio waliokuja kwetu wakiwa makarani, mafundi cherehani, wapiga picha na wapishi. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya, alizaliwa na baba Mgoa na mama Mmaasai. Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa Nairobi mwaka 1965, naye alitoka katika jamii hiyo. Waliorudi Goa baada ya uhuru wa nchi zetu huitwa huko "Africanders", na si ajabu mzee mmoja kijijini akamjibu mgeni kwa Kiswahili.

Mahali pa kuanzia ni Goa ya Kale, mji mkuu wa zamani ulioachwa baada ya magonjwa kuumaliza. Yaliyobaki ni makanisa makubwa yasiyo na mitaa ya kuyazunguka, yote yakiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1986. Kanisa la Bom Jesus, ambalo kuta zake za nje ni mawe mekundu yasiyopigwa lipu, lina mwili wa Mtakatifu Francis Xavier ndani ya jeneza la fedha. Mmisionari huyo alipita Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda Goa. Mwili huteremshwa kila baada ya miaka kumi ili waumini waupitie, na mara ya mwisho shughuli hiyo ilimalizika Januari 2025. Mabega na magoti yafunikwe kabla ya kuingia.

Kutoka hapo hadi Panaji, mji mkuu wa sasa, ni mwendo mfupi kando ya mto Mandovi. Mtaa wa Fontainhas una nyumba za rangi ya manjano, buluu na nyekundu zenye roshani za chuma, na hutembelewa vizuri zaidi asubuhi, kabla ya wapiga picha za harusi hawajajazana. Meli za kamari zinazoelea mtoni zinaweza kuachiwa wanaozipenda. Mashamba ya viungo ya Ponda nayo husifiwa sana, ila Mzanzibari anaweza kuyaruka bila kujuta. Afadhali siku hiyo aitumie kijijini Chandor, kuitazama nyumba ya ukoo wa Menezes Braganza, au aende maporomoko ya Dudhsagar, yenye urefu wa mita 310, kwa gari aina ya jeep kutoka Collem.

Halafu chakula. Alfajiri muuza mikate hupita vijijini kwa baiskeli akibonyeza honi yake, kapu likiwa limefunikwa turubai, na ndani mna poi, mkate wa duara wenye pumba za ngano, ulio wazi katikati kama mfuko. Chakula cha mchana cha kila nyumba ni wali na mchuzi wa samaki wa nazi, ambao Mswahili ataufahamu tangu tonge la kwanza, isipokuwa ukali wake hutokana na kokum, tunda lililokaushwa, badala ya ukwaju au ndimu zetu. Kuku wa cafreal, aliyerowekwa kwenye kotmiri, pilipili mbichi, tangawizi na kitunguu saumu mpaka akawa kijani, anasadikiwa kuwa alitoka Msumbiji pamoja na askari wa Kiafrika wa Wareno. Mabibo hayatupwi: Machi na Aprili hutengenezwa urrak, ambayo watu wa Mtwara wanaojua uraka hawatahitaji kuelezwa, na baadaye feni, kali zaidi.

Mwezi wa kwenda si jambo la kubahatisha. Upepo wa kusi, ambao kwetu huja na baridi, huko humwaga mvua kuanzia Juni hadi Septemba, karibu milimita 3,000 kwa mwaka. Mikahawa ya vibanda iliyojengwa mchangani hubomolewa, trola hupigwa marufuku kuvua Juni na Julai, na kuogelea huwa hatari. Novemba hadi Februari ndio wakati mzuri. Wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya bei za vyumba hupaa na barabara za Baga na Calangute hazipitiki. Mwenye hiari aikwepe.

Swali la pili ni kaskazini au kusini. Kaskazini, kutoka Candolim hadi Anjuna, kuna muziki, soko la Jumatano na umati. Kusini, Agonda na Palolem ni kwa familia na watu wanaopenda usingizi. Jibu hilo ndilo linaloamua uwanja wa ndege, kwa maana Goa ina viwili: Mopa, uliofunguliwa mwishoni mwa 2022, uko kaskazini kabisa, na Dabolim uko katikati. Anayelala Palolem akashukia Mopa atakaa ndani ya gari saa mbili na zaidi. Kutoka Mumbai kuna pia treni ya Vande Bharat hadi Madgaon, takriban saa nane nje ya msimu wa mvua, na tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari.

Teksi za Goa ni ghali na madereva wake wamegombana na kampuni za programu za simu kwa miaka. Safari fupi ziachiwe "pilot", bodaboda yenye rangi nyeusi na njano. Anayekodi skuta ahakikishe namba zake ni za njano kwenye kibao cheusi. Kibao cheupe ni cha gari binafsi, na polisi wanajua hivyo.

Visa ya utalii ya siku 30 huombwa mtandaoni, angalau siku nne kabla ya kufika, kwenye tovuti ya serikali inayoishia na gov.in. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kiwekwe pamoja na pasipoti. Chanjo iwe imechomwa siku kumi au zaidi kabla ya kuingia India, maana msafiri kutoka Kenya au Uganda asiye na cheti halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita.