JE, WAJUA? Mipira ya biliadi ilichongwa kwa pembe za tembo wetu

Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alicheza biliadi katika Ukumbi wa Diana, kasri la Versailles. Hadi leo mafundi wa meza za kifahari za biliadi huiga fanicha za zama za wafalme wa Ufaransa: miguu iliyopinda, nakshi za mbao na mapambo ya shaba yenye rangi ya dhahabu.

Lakini katika karne ya 19, fahari hiyo ilitugharimu. Mipira ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe moja ilitoa mipira michache tu. Misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip ilibeba pembe kutoka Maniema, mashariki mwa Kongo, hadi Zanzibar, nazo meli zikazisambaza Ulaya na Marekani.

Miaka ya 1860, Mmarekani John Wesley Hyatt alianza kutafuta mbadala, akafikia seluloidi, aina ya awali ya plastiki. Leo mipira ni ya plastiki ngumu.

Huko huko mashariki mwa Kongo, kaskazini mwa Goma, Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, bado ina tembo. Mchezo umeendelea bila pembe zao, tuwalinde waliobaki.