Uti wa Mkuki wa Kirumi

Wengi wasomao habari za vita vya Warumi hutazama chuma cha mkuki tu, wala hawaulizi chuma kile kilishikwa na mti gani. Huko Ulaya wako watu wanaotengeneza mikuki mfano wa ile ya zamani, wapate kujua kwa majaribio jinsi askari wale walivyopigana. Wakikosea mti, jaribio lao halina maana. Na uti ukivunjika mkononi, vibanzi vyake vyaweza kumtoboa mtu.

Warumi wenyewe walijifunza jambo hili kwa hasara. Polybius, Mgiriki aliyeandika habari zao katika karne ya pili kabla ya Kristo, asema kwamba zamani wapanda farasi wao walichukua mikuki myembamba mno. Ilitikisika hata mtu asiweze kulenga, na mingi ilivunjika kwa mwendo wa farasi tu, kabla ya kumgusa adui. Basi wakaiacha, wakafuata namna ya Wagiriki.

Mti uliosifiwa sana ni ule walioutaja kwa jina la fraxinus. Pliny, aliyekufa mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79, aliulinganisha na miti mitatu mingine ya kwao: kwa mikuki ni bora kuliko corylus, ni mwepesi kuliko cornus, tena hupindika vizuri kuliko sorbus. Sababu ni nyuzi zake, ambazo ni ndefu na zimenyoka, hata uti ukipigwa kishindo hupinda kidogo na kurudi.

Walakini jina la mti si kitu ikiwa nyuzi zimekatwa, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Fimbo ya mviringo inunuliwayo dukani hupendeza macho, lakini imepasuliwa kwa msumeno, na msumeno haufuati nyuzi. Mahali nyuzi zitokapo ubavuni, ndipo uti utakapovunjika kwa mshazari, na kipande kitakachobaki kitakuwa kikali kama mkuki wa pili! Afadhali gogo lipasuliwe kwa kabari, maana kabari hufuata nyuzi zenyewe. Kisha lichongwe polepole mpaka unene wa sentimeta 2.5 hivi. Lenye mafundo likataliwe. Mti uwe mkavu, kwani mbichi hunywea baadaye na chuma kikalegea. Aliyepata kuchagua mpini wa jembe hahitaji kuambiwa zaidi.

Pilum, yaani mkuki wa kutupa, una jambo lake. Plutarch aeleza kwamba Marius, alipopigana na Wacimbri mwaka 101 kabla ya Kristo, aliondoa msumari mmoja kati ya miwili iliyoshika chuma, akatia kijiti chepesi kuvunjika, ili mkuki ukichoma ngao uning'inie na kumlemea adui. Kwa hiyo fundi hutafuta mti imara wa uti, na mti dhaifu wa kijiti.

Siku hizi fraxinus inakufa kwa ugonjwa wa kuvu ulioonekana kwanza Poland mwaka 1992. Wengine hutumia mti wa Marekani uitwao hikori. Ni mgumu kweli, na kwa mazoezi wafaa; lakini kwa jumba la makumbusho haufai, kwani Mrumi hakuuona kamwe.