Alpaka Si wa Kukumbatiwa

Mkiingia kwenye shamba la alpaka, watoto watakimbilia nyuso: macho makubwa, kope ndefu, kishungi kilichoangukia paji la uso. Waacheni wakimbilie. Mzazi mwenye udadisi aanzie upande wa pili wa uwanja, penye lundo la kinyesi. Alpaka hawajisaidii ovyo. Kundi zima lina sehemu moja au mbili, na mmoja akianza, wenzake husubiri zamu kwa nidhamu ambayo abiria wa mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam wangeweza kuiiga.

Kwa mfugaji wa Uingereza, ambako mashamba haya sasa ni matembezi ya kawaida ya familia mwishoni mwa wiki, tabia hiyo humpunguzia kazi ya kuzoa na huyaacha malisho na mayai machache ya minyoo. Kwa mfugaji wa milima ya Andes, lundo hilo ni ghala. Juu ya mita 4,000 miti ni adimu, kwa hiyo samadi iliyokauka ndiyo kuni. Ndiyo mbolea pia. Mtafiti Alex Chepstow-Lusty alichunguza tope la ziwa dogo la kale, Marcacocha, karibu na Ollantaytambo nchini Peru. Humo alikuta mabaki ya utitiri wanaoishi kwenye kinyesi cha wanyama wa jamii hii yakiongezeka pamoja na chavua ya mahindi, miaka kama 2,700 iliyopita. Hoja yake ni kwamba bila samadi hiyo mahindi yasingeshika mizizi kwenye mwinuko ule, na bila chakula cha ziada dola za Andes zingechelewa sana kuinuka. Dola ni jambo kubwa kulibebesha lundo moja, lakini ushahidi wa tope lenyewe ni wa kuheshimiwa.

Sasa mrudie mnyama. Msomaji wa Marsabit au Garissa hatahitaji maelezo marefu: mdomo wa juu umepasuka katikati, mguu una vidole viwili vyenye kucha juu ya nyama laini badala ya kwato, na akitaka kulala hukunja magoti ya mbele kwanza, kisha nyuma hushuka. Huyu ni ndugu wa ngamia. Ukoo wao ulianzia Amerika Kaskazini zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Tawi moja lilivuka kwenda Asia, na uzao wake ukafika Uarabuni na Afrika. Jingine liliteremka Amerika Kusini miaka kama milioni tatu iliyopita, Panama ilipoziunganisha nchi kavu mbili. Waliobaki kwao walitoweka wote. Hata baada ya utengano huo mrefu, ngamia na alpaka bado wana kromosomu 74 kila mmoja, sawa na jamaa zao wengine. Mwaka 1998 kituo cha uzalishaji wa ngamia huko Dubai kilifanikiwa, kwa njia ya uhimilishaji, kupata ndama aliyeitwa Rama: baba ngamia, mama guanako wa Amerika Kusini.

Mzazi wa alpaka mwenyewe alibishaniwa kwa muda mrefu. Wengi walidhani ametokana na guanako, kama alivyotokana lama, yule mkubwa anayebeba mizigo. Mwaka 2001 Jane Wheeler na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba uliomwelekeza kwa vikunya, mnyama mdogo wa porini mwenye sufu laini kupita kiasi, na jina la kitaalamu likabadilishwa kutoka Lama pacos kuwa Vicugna pacos. Watu wa Andes walianza kumfuga miaka 6,000 hadi 7,000 iliyopita, na makazi yake ya asili ni kati ya mita 3,500 na 5,000. Yaani pale mpandaji wa Kilimanjaro anapoanza kulalamikia kichwa, kwenye kituo cha Horombo, mita 3,720, ndipo alpaka anapoanzia maisha.

Mlima wa kwao anautembeza mwilini popote anapopelekwa. Seli nyekundu za damu yetu ni za duara. Zake ni ndogo, bapa, na zina umbo la yai, na hemoglobini yake hushika oksijeni kwa nguvu kuliko yetu. Damu hiyohiyo ina jambo jingine. Mwaka 1989, katika maabara ya Raymond Hamers mjini Brussels, damu ya ngamia ilionekana kuwa na kingamwili za aina isiyojulikana: pungufu, zisizo na minyororo miepesi ambayo kingamwili za mamalia wengine huwa nayo. Taarifa ilitoka katika jarida la Nature mwaka 1993. Alpaka na lama nao wanazo. Ukikata ncha ya kingamwili hiyo inayonasa adui, unapata kipande kidogo na kigumu, kinachoweza kupenya mahali ambapo kingamwili kubwa hukwama. Dawa ya kwanza ya namna hiyo, caplacizumab, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2018 kwa ugonjwa adimu wa kuganda kwa damu. Na mwaka 2020 watafiti wa taasisi ya Karolinska, Sweden, walitumia damu ya alpaka aitwaye Tyson kutengeneza kipande kinachozuia virusi vya korona kuingia kwenye seli.

Mkibahatika kumkuta mtoto mchanga, ulizeni amezaliwa saa ngapi. Karibu kila mara jibu litaangukia kati ya saa moja asubuhi na saa nane mchana. Ulimi wa alpaka haufiki mbali nje ya mdomo, kwa hiyo mama hamlambi mwanawe kama ng'ombe amlambavyo ndama. Kichanga hukaushwa na jua na upepo, na usiku wa Andes huwa na baridi ya kugandisha. Anayezaliwa jioni analala akiwa ameloa. Mimba yenyewe huchukua miezi kumi na moja na nusu hivi, na tabia ya kuzaa mchana haiondoki hata kwenye malisho ya Yorkshire.

Jua hilo ndilo linalonifanya niwapendekezee shamba la alpaka hasa wasomaji wetu walioko ughaibuni. Mnyama aliyeumbika chini ya jua kali la mlimani, akiwa amevaa sufu nzito, akihamishiwa Uingereza hapati mwanga wa kutosha kutengeneza vitamini D wakati wa baridi. Watoto wake huweza kupata matege. Ndiyo maana wafugaji huwachoma sindano za vitamini hiyo, au kuwanywesha, miezi ya giza. Na sasa soma ushauri wa afya wa serikali ya Uingereza kwa watu wenye asili ya Afrika: wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, mwaka mzima. Sufu na ngozi nyeusi ni vitu viwili tofauti, ila kasoro ni moja, jua la kule ni hafifu kwa miili iliyozoea jingine. Mtoto wa kutoka Mombasa akiuliza kwa nini anapewa vidonge, mwonyesheni alpaka mwenye sindano yake.

Kuhusu kutema mate, hofu imezidi kiasi. Alpaka hutemeana wao kwa wao, mara nyingi wakigombea chakula, na kinachotoka si mate tu bali majani yaliyocheuliwa, ya kijani na yenye harufu ya kukumbukwa. Ukipatwa, mara nyingi ulisimama katikati ya ugomvi usiokuhusu. Wafugaji wameifanya tabia hiyo kipimo cha mimba. Jike hapevushi yai kwa mzunguko wa siku. Hupevusha baada ya kupandwa, kwa kuchochewa na protini iliyomo kwenye shahawa. Akishashika mimba, dume akiletwa tena jike humtemea na kumkimbia. Dume huondolewa, na mfugaji huandika tarehe.

Kinachostahili hofu zaidi ni mapenzi ya watu. Dume mchanga aliyenyonyeshwa kwa chupa na kukumbatiwa kila siku huweza kukua akidhani binadamu ni alpaka wenzake, na akibalehe huwashambulia kama anavyoshambulia madume wapinzani: kwa kifua, kwa teke, kwa meno. Ndiyo sababu shamba makini huwatembeza wageni na madume waliohasiwa, na haliwaruhusu kumbusu kinda. Wengi hawapendi kuguswa kichwani wala miguuni. Guseni shingo au bega, taratibu, na mkisikia mguno mwembamba wa puani msichukulie ni furaha tu; huguna pia wakiwa na wasiwasi. Shamba linalowaachia watoto wamkumbatie kila mnyama, mimi ningeliacha.

Sufu yenyewe ina historia yenye huzuni. Huko El Yaral, kusini mwa Peru, Wheeler alichunguza alpaka na lama waliozikwa chini ya sakafu za nyumba miaka kama elfu moja iliyopita na kukaushwa na jangwa. Nyuzi zao zilikuwa laini na zenye unene unaolingana kuliko za wengi wa leo. Baada ya Wahispania kuingia, mifugo iliangamia kwa wingi, elimu ya kuichagua ikapotea, na alpaka wakachanganyika na lama. Ulaya iliijua thamani ya sufu hiyo baadaye: mwaka 1836 Titus Salt wa Bradford alinunua marobota yaliyodharauliwa Liverpool, akatajirika kwayo na kujenga mji mzima wa kiwanda, Saltaire, ambako leo watoto wanaweza kupanda sanamu za alpaka bustanini.

Alpaka mmoja hutoa kilo chache tu za sufu kwa mwaka, na hapo ndipo hesabu ya shamba dogo inapogoma. Nchini Marekani, walikoanza kuingizwa kwa wingi mwaka 1984, bei ya mnyama ilipanda hadi makumi ya maelfu ya dola, fedha ya mfugaji mpya ikimlipa mfugaji wa jana. Wachumi Tina Saitone na Richard Sexton walionyesha mwaka 2007 kwamba sufu isingeweza kamwe kuhalalisha bei zile. Zikaporomoka. Tiketi mnayokata getini ni sehemu ya jibu lililobaki.

Kabla ya chai, nawaeni kwa sabuni na maji yanayotiririka, si kwa jeli ya mkononi. Mwaka 2009 watu 93, wengi wao watoto wadogo, waliugua kutokana na bakteria wa E. coli O157 baada ya kutembelea shamba la wanyama wa kushikwa huko Surrey. Kisha nendeni dukani, na mkishika soksi za alpaka, geuzeni lebo. Mara nyingi zimefumwa Peru, kwa nyuzi za Peru. Muulizeni mwenye shamba sufu ya wanyama wake huenda wapi; anayeipeleka kwenye kinu kidogo cha kusokota atawajibu haraka, na pengine atawatajia jina la mnyama aliyeitoa.