Meza ya Keko, Kiti cha Meli: Soko la Ofisi za Nyumbani

Ukifika Keko, wilayani Temeke nchini Tanzania, asubuhi ya siku ya kazi, unazisikia mashine za kuranda kabla hujaziona. Nje ya karakana kumepangwa bidhaa za miaka yote: vitanda vya sita kwa sita, makabati ya vyombo, meza za chakula. Kati yake siku hizi hukosi meza nyembamba yenye droo upande mmoja na tundu la kupitishia waya nyuma. Hiyo ni meza ya mtu anayefanyia kazi nyumbani.

Mteja huyu aliongezeka baada ya Machi 2020, Korona ilipothibitishwa Kenya tarehe 13 na Tanzania tarehe 16, kompyuta mpakato zikahamia kwenye meza za chakula. Wengi wamerudi maofisini. Waliobaki ni wahasibu wa kujitegemea, wafasiri, wachoraji wa ramani za nyumba, waandishi wa programu, na akina mama wanaopokea oda za mtandaoni wakiwa sebuleni. Wachache wana chumba cha ziada. Wengi wana kona tu, na kona haina saizi ya dukani.

Hapo ndipo fundi seremala anapoishinda meli. Meza iliyokuja na kontena ina kipimo kimoja kwa watu wote. Fundi anaweza kuingia ndani kwako na futikamba, akakata meza iishie pale dirisha linapoanzia. Serikali nazo zimempa kinga: tangu tarehe 1 Julai 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliziweka samani kwenye kundi la bidhaa zinazotozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, kutoka 25 ya awali. Juu yake kuna Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya.

Mbao na maji yake

Kinga hiyo inavuja kwenye mbao. Mninga ni mbao inayoheshimika kwa sababu haisinyai sana ikikauka, lakini ni mti wa porini, hukua taratibu na bei yake si ya kila mfuko. Mtiki unapandwa Longuza mkoani Tanga, Mtibwa mkoani Morogoro na katika bonde la Kilombero, ila sehemu kubwa husafirishwa kwenda India. Kwa mteja wa kawaida inabaki misindano, mbao nyeupe inayotoka Nyanda za Juu Kusini, hasa shamba la Sao Hill wilayani Mufindi, au bodi za MDF.

Misindano si mbao mbaya. Tatizo ni haraka. Ubao ukikaushwa kwa hewa tu, kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Karakana isiyo na tanuri wala mtaji wa kuweka mbao ghalani hununua leo na kuunganisha kesho. Miezi michache baadaye droo inakataa kufunga na uso wa meza umejipinda. MDF nayo haijipindi, lakini kwenye unyevu wa pwani kingo zisipozibwa vizuri huvimba kama mkate uliolowa. Mteja akiona hivyo mara moja, safari ijayo anakwenda dukani kwa bidhaa ya kontena na kulipa ushuru wote bila kunung'unika.

Kiti

Kwenye kiti hali ni tofauti. Kiti cha kuzunguka kinachopanda na kushuka kina bomba la gesi, magurudumu na sponji ya kuegemeza mgongo, vitu ambavyo seremala wa mtaani hatengenezi. Hivyo soko ni la waagizaji wa vipya na wauzaji wa mitumba ya maofisini. Mtumba imara mara nyingi unashinda kipya cha bei rahisi. Kikalie dukani robo saa na ukipandishe uone kama kinashuka chenyewe.

Kosa la wanunuzi wengi ni kumaliza fedha kwenye meza na kukalia kiti cha plastiki. Mgongo hauijui mninga. Meza nyingi huwa na kimo cha sentimita 72 hadi 75, na kina cha 60 hadi 75 kinatosha kuweka skrini umbali wa mkono. Miguu ikae bapa sakafuni, viwiko vilale usawa wa meza. Dirisha liwe ubavuni, maana likiwa mbele linaumiza macho na likiwa nyuma linang'aa kwenye skrini.

Umeme na mtandao

Sehemu nyingine ya bajeti ni ya fundi umeme. Soketi mbili za ukutani karibu na meza ni salama kuliko ekstensheni iliyobeba feni, kompyuta na chaja. Kompyuta mpakato hutumia umeme kidogo, kwa hiyo inveta ndogo na betri vinatosha kuivusha saa za giza. Intaneti nayo iwe na njia ya pili: Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, kasi ilishuka ukanda mzima.

Kwa fundi wa Keko au wa Ngong Road, Nairobi, nafasi iko wazi. Anachohitaji ni mbao kavu, tarehe anayoitimiza baada ya kupokea advansi, na swali moja kabla ya kuwasha msumeno: mteja wangu anakaa kwa saa ngapi, na kiwiko chake kinafika wapi? Kontena haliwezi kuuliza hivyo. Fundi atakayemkalisha mteja kwanza, akampima, ndipo akate ubao, atauza kitu ambacho hakuna meli inayokibeba.