Soksi zisizoingia maji: Kwanza niambie unaenda wapi

Mvua ya Novemba ikianza Wamunyu, njia ya kwenda kwa susu wako inageuka tope hata kabla hujafika getini. Basi unaingia mtandaoni na kuona soksi zisizoingia maji. Bei yake, mazee, si bei ya soksi. Kabla hujatuma pesa, niambie: unaenda kutembea wapi?

Soksi hizi zina tabaka tatu. Nje ni nailoni, ndani ni sufu au kitambaa laini, na katikati kuna utando mwembamba unaozuia maji lakini unapitisha mvuke wa jasho. Shida ni kwamba mvuke hutoka vizuri kukiwa na baridi nje. Kwa lile jua la Ukambani linalowaka punde tu mvua ikikatika, jasho linabaki humo ndani na mguu unalowa vilevile. Mguu uliolowa ukisuguana na kiatu unatoa malengelenge, na hayajali kama maji ni ya mvua au ni yako.

Kwa hivyo kwa Wamunyu, mimi naona uweke pesa yako. Vaa gambuti kwenye tope, na soksi za sufu nyepesi, usivae za pamba kwa sababu pamba ikishika maji haiachilii. Beba pea ya pili begini. Na ukivuka kijito, maji yakipita ukingo wa soksi yanaingia kwa juu halafu hayatoki, sasa unatembea na ndoo mbili. Mto ukiwa umefurika hiyo si hesabu ya soksi kabisa. Ngoja upungue.

Zinakolipa ni kwenye baridi. Kama genge lenu linapanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, mtapita kinamasi cha mteremko kinachoitwa Vertical Bog, tope na nyasi zilizolowa, mkiwa mmepita mita 3,000, na Point Lenana ya mita 4,985 bado iko mbele. Huko vidole vikilowa vinakufa ganzi. Milima ya Aberdare nayo ni hivyo hivyo. Hata wewe wa boda unayetoka saa kumi na moja alfajiri kwenye manyunyu, nakuelewa.

Ukienda kununua, beba buti utakalovaa. Soksi hizi ni nene, na buti likibana damu haipiti vizuri, miguu inapoa hata ikiwa mikavu. Ukizipata kwa mitumba, ingiza mkono ndani ya soksi, uzamishe kwenye beseni la maji dakika kadhaa bila kufikisha ukingo. Mkono ukitoka na unyevu, utando umeshatoboka. Muuzaji atanuna. Mwache anune.

Nyumbani zifue kwa mkono, bila Jik, bila pasi, na uzianike kivulini zikiwa zimegeuzwa nje ndani. Upande wa ndani ndio huchelewa kukauka.