Fuata Nyuki Upate Muziki

Wahenga walinena, fuata nyuki ule asali. Lakini wako waliomfuata nyuki si kwa asali, bali kwa sauti yake, wakaitia katika ala za muziki. Swali ni hili: mtungaji amwige nyuki, au amsikilize?

Aliyesifika kwa kuiga ni Mrusi Nikolai Rimsky-Korsakov. Mwaka 1900 opera yake juu ya mfalme Saltan ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Moscow. Ndani yake mna mwana wa mfalme anayegeuzwa mdudu wa jamaa ya nyuki, mnene mwenye manyoya, apate kuruka bahari aende kwa baba yake. Kwa safari hiyo Rimsky-Korsakov alitunga kipande cha dakika moja na ushei, ambacho noti zake hupanda na kushuka nusu hatua kwa nusu hatua, mbio mbio, bila ya kutua. Fidla hukimbia, filimbi hupokea. Leo wapigaji hukitumia kushindania wepesi wa vidole. Anayetazamwa ni mpigaji, nyuki amesahauliwa.

Zamani zaidi, kasisi Mwingereza Charles Butler, mfugaji wa nyuki, alitega sikio mzingani. Katika kitabu chake cha mwaka 1609 aliiandika kwa noti milio ya malkia. Maana kundi linapokaribia kuhama, malkia kijana aliyekwisha toka hulia kama zumari, na wenzake waliomo bado vyumbani humjibu kwa mlio mwengine. Majibizano hayo Butler hakuyatunga, aliyanakili.

Njia hiyo imerudi siku zetu. Wolfgang Buttress, msanii wa Uingereza, alijenga mzinga wa alumini wenye kimo cha mita 17 kwa maonyesho ya dunia ya Milan mwaka 2015. Alishirikiana na mtaalamu wa fizikia Martin Bencsik, ambaye hutia mizingani vyombo vya kunasa mtetemo. Wanamuziki waliposikiliza mvumo wa nyuki, waliukuta umekaa karibu na noti ya C. Si ajabu: mbawa za nyuki hupiga zaidi ya mara 200 kwa sekunde, na C ya katikati ya kinanda ni mitetemo kiasi cha 262. Basi wakapiga sello na ala nyengine juu ya mvumo huo ulio hai, polepole, wakimwachia nyuki nafasi yake. Albamu yao ilitoka mwaka 2016, mwaka ambao mzinga ule ulihamishiwa bustani ya Kew, London.

Msomaji mpenzi, tofauti si ndogo. Muziki wa kuiga waweza kupigwa hata nyuki wote wakifa. Huu wa pili hauwezi kupigwa tena, kwani mzinga ukinyamaza, mwenzi wake mpigaji hayupo. Na Buttress alikusudia hasa kuwakumbusha watu kwamba nyuki wamo hatarini.

Basi mtungaji, kabla ya kukaza nyuzi za fidla yake, na aende kwanza penye mzinga, akae mbali kidogo, asikilize. Wepesi wa vidole hufunzwa. Sikio lataka subira.